Rafu ya sigara iko usawa wa macho ya watoto: je, mtaa wetu unaweza kutuamuru tuiondoe?

Mama Duka (Mkolani, Mwanza)

Habari za leo ndugu zangu. Naomba ushauri wenu, hasa wale wenye uelewa wa sheria na wale wenye maduka kama mimi, maana jambo hili limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita na sitaki kuamua kwa hasira wala kwa hofu.

Nina duka la rejareja hapa Mkolani, kando ya njia ambayo wanafunzi wa shule ya msingi huipita asubuhi na jioni. Nikiwa dirishani naweza kusoma maandishi yaliyo kwenye geti la shule. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, madaftari, pipi, vocha na sigara. Miaka miwili iliyopita alikuja kijana wa mauzo wa kampuni moja ya sigara, akiwa na gari na mafundi wawili, akaniambia kwamba duka langu limechaguliwa kwa sababu liko mahali pazuri. Sikumuuliza pazuri kwa nani. Walipaka ukuta wa mbele kwa rangi za pakiti yao, wakaandika jina la duka langu kwa herufi ndogo chini ya alama yao, na ndani wakanifungia rafu ya plastiki yenye taa, juu kidogo ya kaunta, katikati ya makopo ya pipi na madaftari. Masharti yalikuwa kwamba rafu hiyo isiwekwe kitu kingine chochote, ikae imejaa muda wote, ionekane kutoka nje hata nondo za dirisha zikiwa zimefungwa, na kwamba mtu wao atakuwa anapita mara kwa mara kuipiga picha. Nikiyatimiza, napata pakiti kadhaa za bonasi kila mwisho wa mwezi. Ukuta wangu ulikuwa haujaonja rangi tangu nijenge, na nakiri kwamba siku ile nilifurahi.

Mwezi uliopita mtoto wa darasa la pili alitumwa sabuni. Nilipokuwa nahesabu chenji akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akaielekezea kidole pakiti ya kijani iliyokuwa chini ya taa, akaniuliza kama ile pipi ya mnanaa inauzwa shilingi ngapi. Si mtoto mjinga. Kijani ile inafanana kabisa na ya pipi anazonunua kwangu, na zote mbili zilikuwa mbele yake, zimeachana shubiri moja. Nilimjibu kwamba zile si pipi, ni za wakubwa, na nilipoona macho yake yanavyozidi kung'aa kwa kusikia neno "wakubwa", nilijuta kulitamka.

Sasa kamati ya shule imeandika barua, na mwenyekiti wa mtaa ametuita wenye maduka tunaozunguka shule ile. Kikao kimetoka na azimio kwamba kila mwenye duka aondoe matangazo na rafu za sigara ndani ya siku 14, na atakayekaidi atatozwa faini ya shilingi 50,000. Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara ameshasema waziwazi kwamba haondoi kitu, na kwamba mtaa hauna mamlaka hayo.

Naomba kujua: mtaa una uwezo wa kututoza faini hiyo kweli? Sheria ya nchi inasemaje kuhusu rafu hizi? Na la tatu, ambalo kwangu ndilo zito: nikiondoa mimi na jirani akabaki na taa zake zinawaka, si nitakuwa nimempelekea wateja kwa mikono yangu mwenyewe?

Mstaafu wa Sheria

Mama, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuuliza kabla ya siku 14 kwisha. Nilifanya kazi ya sheria katika halmashauri mbili za Kanda ya Ziwa kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu maswali yako mawili ya kwanza. La tatu nawaachia wafanyabiashara.

Jirani yako ana haki nusu. Mtaa hauna uwezo wa kutunga sheria wala wa kuweka faini. Kikao cha mtaa kinaweza kuazimia, kushauri, kusuluhisha na kupeleka mapendekezo kwenye kata, lakini faini ya shilingi 50,000 isiyo na sheria nyuma yake ni mchango wa lazima uliopewa jina jingine, na mtu akiipinga mbele ya hakimu itaanguka. Hapa watu wengi huchanganya mtaa na kijiji. Kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, kinaweza kutunga sheria ndogo zake kikapata idhini ya halmashauri ya wilaya. Ndiyo maana kijiji cha Ukerewe au Sengerema kinaweza kuwa na sheria ndogo ya mifugo au ya mazingira. Mtaa wa mjini haukupewa kalamu hiyo. Kwenu Mkolani kalamu iko kwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, chini ya Sura ya 288, ile ya Mamlaka za Miji.

Njia ya sheria ndogo si fupi, ila inajulikana. Rasimu huandaliwa, wananchi hutangaziwa ili watoe maoni, Baraza la Madiwani huijadili na kuipitisha, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kwa idhini, na mwisho huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Ikishachapishwa, hapo ndipo faini inapata meno. Mkumbuke pia kwamba jiji lenu kiutawala limegawanyika: sheria ndogo ya Jiji itawafunga ninyi wa Nyamagana, lakini haitavuka kwenda Kirumba wala Pasiansi, kwa kuwa huko ni Manispaa ya Ilemela na wana baraza lao. Mtu akivuka mpaka huo kwa daladala hata hatambui, ila sheria hutambua.

Kuhusu sheria ya nchi, tunayo Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, inakataza uvutaji katika maeneo kadhaa ya umma, inataka onyo la maandishi kwenye pakiti na imeweka mipaka kwenye matangazo. Hata hivyo haikufika kwenye marufuku kamili ya matangazo, na haikwenda hadi kuamuru pakiti zifichwe dukani. Miaka minne baadaye, mwaka 2007, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao Ibara yake ya 13 inazitaka nchi wanachama zipige marufuku matangazo yote, uhamasishaji na udhamini wa tumbaku, kwa kadiri katiba zao zinavyoruhusu. Miongozo ya ibara hiyo, iliyopitishwa mwaka 2008, inatamka bila kuzunguka kwamba kule kupanga pakiti zionekane na wateja ni tangazo tosha, hata kama hakuna bango lolote pembeni yake. Lakini mkataba ulioridhiwa hauwi amri kwa mwenye duka mpaka Bunge liuingize katika sheria ya ndani. Kwa hiyo tuna ahadi ya mwaka 2007 iliyosimama juu ya sheria ya mwaka 2003, na rafu yako imekaa katika mwanya uliopo kati ya hizo mbili.

Je, halmashauri inaweza kuuziba mwanya huo kwa eneo lake? Kwa maoni yangu inaweza kuuziba sehemu. Sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria mama, kwa hiyo baraza haliwezi, kwa mfano, kupiga marufuku uuzaji wenyewe wa sigara. Lakini kudhibiti mabango na michoro ya kuta zinazotazama barabara, na kuweka utaratibu wa biashara kuzunguka shule kwa sababu za afya ya jamii, hayo yamo ndani ya kazi za halmashauri. Mwambieni diwani wenu alibebe. Azimio la mtaa msilitupe: liandikwe vizuri kwenye muhtasari, kipengele cha faini kifutwe, na liende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kama ombi.

Muuza Duka wa Kirumba

Mama, mimi ni wa upande wa Ilemela, duka langu haliko mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo nakujibu swali lako la tatu kwa yale niliyoyapitia.

Wateja wangu wakubwa wa sigara ni wavuvi na wapakuzi. Jioni, kabla mitumbwi ya dagaa haijaondoka, wanapita kununua sigara moja moja na kuwashia kwenye kiberiti cha gesi ambacho nimekifunga kwa kamba kwenye nondo ya dirisha ili kisitembee. Nami nilikuwa na rafu yenye taa, na ukuta wa nje ulikuwa na rangi zao. Mwaka jana niliishusha, na nitasema ukweli kwamba si kwa sababu ya wema. Mwanangu wa miaka 13 ndiye anayenisaidia dukani akitoka shule, na siku moja nilimkuta anamweleza mteja tofauti ya aina nne za sigara, ipi kali, ipi laini, ipi ina mnanaa, kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia akitaja mito ya Tanzania. Nilizihamishia sigara kwenye droo iliyo chini ya kaunta.

Kilichotokea ni hiki. Mvutaji hakuhitaji kuziona. Anafika dirishani, anataja jina, anatoa hela, anapokea. Hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza, "Kwani siku hizi huuzi?", isipokuwa labda kwa siku tatu za mwanzo. Mauzo ya sigara kwa wale niliowazoea yalibaki kama yalivyokuwa. Kilichokatika ni bonasi, na kijana wa mauzo alikasirika, akang'oa rafu yake, akaacha kuniletea mzigo kwa mkopo, nikawa nafuata mwenyewe kwa jumla. Hasara hiyo ipo, sitakuficha, na kwa duka lililo na mtaji mdogo si ya kudharau.

Nilipokaa nikafikiri nikajiuliza: kama yule anayevuta haihitaji taa ile, basi ilikuwa inamwakia nani? Kampuni si ya wajinga, haiwezi kulipia umeme na plastiki na bonasi ili kumwonyesha mzee wangu wa mtumbwi kitu anachokijua kwa miaka 30. Taa ilikuwa ya yule ambaye bado hajaanza, na ya yule aliyeacha juzi na bado roho inamvuta.

Kuhusu hofu yako ya jirani: ni hofu ya kweli, na ndiyo sababu mimi naitaka sheria ndogo kuliko hata hao wanakamati wa shule. Kumbuka mifuko ya plastiki. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019, mwenye duka aliyethubutu kukataa kumpa mteja mfuko alionekana mchoyo na mteja alihamia duka la pili. Ilipofika siku hiyo, ikawa marufuku kwa wote, watu walikuja na vikapu na mifuko yao, na hakuna mwenye duka aliyempoteza mteja kwa mwenzake kwa sababu ya mfuko. Ukiondoa rafu peke yako unajitoa kafara. Tukiondoa wote siku moja, hata bonasi yenyewe inakuwa haina wa kupewa, na ushindani unarudi kwenye bei na lugha nzuri.

Mzaliwa wa Urambo

Naomba nami nisikike, ingawa najua sitapendwa. Mimi ninaishi Igoma, lakini nimezaliwa na kukulia Urambo. Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa tumbaku, bati za nyumba ya mama yangu ni za tumbaku, na mzee wangu hadi leo anajenga mabani ya kukaushia. Serikali inahesabu tumbaku miongoni mwa mazao makuu ya kuingiza fedha za kigeni, inakusanya ushuru wa bidhaa kwa kila pakiti, halafu anakuja mwenyekiti wa mtaa kumbana mama mwenye duka la futi kumi kwa kumi. Kama ni sumu, ifungwe kuanzia shambani. Kama ni halali, kwa nini yeye afiche bidhaa halali kama mwizi? Mbona kuta za baa zimejaa rangi za bia kuanzia Buzuruga mpaka Buhongwa, na watoto wanapita hapohapo?

Tena angalieni nani ataumia. Supamaketi za mjini hazitaguswa, maana hazipo karibu na shule ya msingi ya Mkolani. Atakayetembelewa na mgambo ni muuza genge.

Muuguzi wa Afya ya Jamii

Nimeusoma mjadala wote. Nianze na ndugu yangu wa Urambo, kwa sababu hoja yake ya mwisho ni nzito kuliko anavyodhani mwenyewe.

Kuhusu wakulima, tumbaku ya Urambo, Kaliua na Kahama kwa sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi. Bei anayopata mzee wako inaamuliwa na wanunuzi wa kimataifa na daraja la jani lake, haiamuliwi na rafu ya Mkolani kuwa na taa au kutokuwa nayo. Mkataba uleule aliousema mzee mstaafu una Ibara ya 17 inayozitaka serikali zisaidie kupatikana kwa njia mbadala za kipato kwa wakulima wa tumbaku. Hiyo ndiyo ya kuidai, na mimi nitaidai pamoja nawe. Kuhusu bia sina ubishi. Umesema kweli.

Sasa hoja ya kwamba wataumia wadogo. Nilisoma Marekani kwa muda, na somo langu moja lilihusu jambo hilihili la matangazo ya tumbaku madukani, kwa hiyo niwaeleze yaliyotokea huko, kwa kuwa wao walianza kugombana nalo mapema. Mwaka 1998 majimbo 46 yalifikia makubaliano na kampuni kubwa za sigara, na miongoni mwa masharti yake mabango makubwa ya barabarani yaliondolewa. Fedha za matangazo hazikupungua kwa hilo. Zilihama. Zilishuka kutoka kwenye mabango zikaingia madukani, sehemu kubwa ikiwa ni punguzo la bei na malipo kwa wenye maduka ili pakiti zikae mahali panapoonekana. Kile alichopewa Mama Duka, yaani rangi, rafu, bonasi na mpiga picha, ni utaratibu wa zamani unaofahamika, haukubuniwa kwa ajili ya Mwanza.

Ndipo miji na majimbo yakaanza kujaribu sheria zao wenyewe, na majaribio hayo ndiyo yenye faida kwetu. Jimbo la Massachusetts lilikataza matangazo ya nje ya tumbaku ndani ya futi 1,000, karibu mita 300, kutoka shuleni na kwenye viwanja vya michezo, na likataka matangazo ya ndani ya maduka yaliyo katika eneo hilo yawekwe juu ya futi 5 kutoka sakafuni, yasiwe usawa wa watoto. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyatupa masharti yote mawili. Kuhusu lile la kimo, mahakama ilisema jambo ambalo mama yeyote angelisema: si watoto wote walio chini ya futi 5, na walio chini yake wanaweza kuinua macho wakatazama juu. Nilipolisoma swali la Mama Duka, yule mtoto aliyesimama kwa ncha za vidole alinirudisha kwenye hukumu ile. Kwa hiyo tafadhali, mkifika kwenye rasimu, msiandike kwamba rafu ipandishwe juu. Andikeni kwamba pakiti zisionekane mpaka mteja mtu mzima aombe.

Hata baada ya hukumu hiyo miji haikukata tamaa. San Francisco mwaka 2008 ilipiga marufuku uuzaji wa sigara katika maduka ya dawa, kwa hoja nyepesi kwamba anayeuza dawa ya kifua asiuze na kinachokiharibu. Mwaka 2009 sheria ya taifa iliyapa majimbo na miji nafasi zaidi ya kudhibiti wakati, mahali na namna ya kutangaza sigara. Mji wa Providence mwaka 2012 ulikataza kuponi na punguzo la aina ya "nunua moja upate ya pili bure", kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaupa mji ushindi. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba sheria ya mji mmoja, ikiandikwa kwa uangalifu, inaweza kusimama hata pale ambapo ulinzi wa matangazo ya biashara ni mkali kuliko wetu.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, lakini. Wale tunaochota nao maji ya ziwa moja wametutangulia. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2015: umri wa kununua ni miaka 21, sigara haziuzwi moja moja, na kuonyesha pakiti dukani kumekatazwa. Kampuni iliipinga mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikaitupa kesi hiyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2007, na ukinunua pakiti Kisumu unakutana na picha ya onyo, wakati yetu imebaki na sentensi ambayo mtoto wa darasa la pili bado anaisoma kwa kuunganisha silabi.

Ushauri wangu wa kazi, Mama, ni huu. Kabla ya kumwona diwani, fanyeni hesabu. Wazazi wawili na wenye maduka wawili wapite kwenye maduka yote yanayozunguka shule, wakiwa na daftari na futi ya fundi, waandike: duka liko hatua ngapi kutoka getini, lina tangazo la sigara nje au halina, rafu iko kimo gani, na kilichopangwa pembeni yake ni nini. Kipengele hicho cha mwisho msikiache. Msiandike majina ya wenye maduka, pigeni namba tu, ili mtu asione anachongewa, na hili linagusa hofu ya ndugu wa Urambo: sheria inayotokana na hesabu ya maduka yote, makubwa kwa madogo, ni vigumu kuigeuza fimbo ya muuza genge mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima nchini wanatumia tumbaku. Maana yake wengi hawatumii, na kampuni inayotaka kukua inalijua hilo kuliko sisi. Lakini diwani hatasukumwa na asilimia za taifa. Atasukumwa na karatasi inayosema kwamba katika maduka kadhaa ya kata yake, sigara zimepangwa karibu na pipi kuliko zilivyo karibu na kiberiti.

Mzaliwa wa Urambo

Ya Ibara ya 17 nilikuwa siijui, nashukuru. Bado nasema mgambo wasipewe kazi hii. Apewe afisa afya wa kata, ambaye angalau anaingia dukani kwa kubisha hodi. Hilo likiandikwa, sina kipingamizi.

Mama Duka (Mkolani, Mwanza)

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee mzee wetu wa sheria. Nimempelekea mwenyekiti maelezo ya kipengele cha faini, na ameyapokea bila kukasirika; amesema Jumamosi kikao kitaketi upya na muhtasari utaandikwa kama ombi kwenda kata. Jirani yangu, aliposikia kwamba faini imefutwa, amekubali duka lake lihesabiwe, ingawa amesema rafu ataiondoa siku ya mwisho kabisa, na kwa namna ninavyomfahamu, hiyo ni ahadi kubwa.

Nimebaki na jambo moja. Nilipofungua kabati nimeikuta karatasi niliyosaini na yule kijana. Imeandikwa kwa Kiingereza, kurasa mbili, na mwanangu aliye kidato cha tatu ameisoma akasema kuna mahali panataja muda wa miaka mitatu na mahali panataja "mali ya kampuni". Je, nikiishusha rafu sasa wanaweza kunidai? Na huu ukuta ni wa nani kwa sasa?

Mstaafu wa Sheria

Ukuta ni wako, Mama. Rangi iliyopakwa ukutani haiondoki na mwenye brashi. Rafu na taa ni mali yao, kwa hiyo usiitupe, usiivunje wala usimpe mtu. Ishushe, ifute vumbi, ihifadhi mahali pakavu. Kuhusu miaka mitatu, tafuta kwenye ukurasa wa pili kipengele cha kusitisha mkataba, kwa kawaida hutaja siku za taarifa. Mwanao akikipata, andika barua fupi kwa Kiswahili, nakala mbili, useme kwamba unasitisha mpango wa maonyesho ya bidhaa na unaomba waje kuchukua mali yao ndani ya siku hizo. Nakala moja igongwe muhuri na mtendaji wa mtaa, ubaki nayo. Kama hakuna kipengele hicho, usisaini chochote kipya watakachokuletea mpaka umenitumia picha ya kurasa zote mbili.

Muuza Duka wa Kirumba

Na ukutani usipake nyeupe, Mama, hasa kwa vumbi la njia hiyo. Wangu nilipaka nyeupe, na mvua za kwanza tu rangi yao nyekundu ikaanza kuchungulia. Tanguliza praima, mikono miwili, ndipo uweke bluu au kijivu. Na safari hii fundi aanze na jina la duka.